Mzee Tunahama wa Nyumba Namba 214

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza kaka yetu, poleni na asanteni. Mimi ni dada yake wa pekee. Wifi yangu, mjane wa marehemu, aliniomba niandike wasifu huu bila kupamba. Alhamisi tulipokaa kupanga maneno aliniambia, "Wifi, andika ukweli. Na kama unajua, niambie kitu kimoja: nilimfunga?" Nilimwambia nitaandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yetu alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, na barabara haijengwi ukiwa umekaa. Kambi ilipohama nasi tulihama. Mama alijifunza kufunga mizigo ya nyumba nzima kabla ya chai kupoa, na mtu aliyeanza kuzoea mahali aliambiwa asizoee. Nasema haya mapema ili baadaye msimhukumu sana kaka yangu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961, akasoma shule tano za msingi kwa miaka saba. Katika shule ya tatu mwalimu alimpa zawadi ya daftari kwa kuongoza darasa, lakini siku ya kuipokea ilipofika tulikuwa tumeshahama. Aliidai zawadi hiyo hadi uzeeni. Alimaliza sekondari mwaka 1973, akaingia chuo cha ufundi, na mwaka 1976 akapata cheti cha umeme na mitambo.

Februari 1977 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika majengo marefu ya mjini, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014. Alikuwa fundi wa kweli. Lifti ikigoma alikuwa akiitegea sikio kwanza, ndipo aishike. Wenzake walimtania kuwa amesafiri kuliko rubani ila hajawahi kuvuka barabara. Alicheka, lakini utani huo ulimkera, maana aliponiletea habari zake alizileta amenuna.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa chekechea. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Walipanga chumba hapa, wakapanga pale, mpaka zilipotangazwa nyumba za bei nafuu nje ya mji. Walihamia Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1991, nyumba namba 214. Wifi aliingia akifuta machozi ya furaha. Kaka aliingia akisema, "Miaka miwili tu, kisha tunahama."

Wengi wenu mnatoka mtaa huo, mnaujua. Nyumba mia tatu, zote zimezaliwa siku moja na zote zina sura ya mama mmoja. Vyumba viwili, sebule, na jiko ambalo ukifungua friji lazima ufunge mlango. Wiki ya kwanza watu wazima walipotea, na kaka yangu alivua viatu, akakaa kwenye kochi la watu, akaomba maji, ndipo akagundua kuwa mke si wake. Na kuta! Ukuta kati ya nyumba na nyumba ni jina tu. Ukikohoa, upande wa pili unakwambia pole. Siku moja kaka na wifi walibishana kama kipaimara cha binti yao kilikuwa Jumamosi au Jumapili. Wakavutana karibu saa nzima, mpaka jirani yao, fundi viatu, akashindwa kuvumilia, akapaza sauti ukutani, "Jumapili, jamani! Mvua ilinyesha!" Kaka alishindwa ubishi huo na hakupenda.

Ila miaka miwili ilipita, na mingine miwili. Kaka alikataza misumari ukutani kwa sababu tunahama. Picha yao ya arusi ilikaa sakafuni nyuma ya kochi miaka kumi na saba, na wageni wakija wifi aliivuta kuwaonyesha kama mtu anayetoa kitambulisho. Aliomba kupanda ua mbele ya nyumba akaambiwa, "Utamwachia nani?" Vyombo vya arusi vilibaki katika maboksi, wakawa wananywea chai vikombe visivyofanana. Kila Jumapili mchana kaka alichukua tepu yake ya kupimia, wakatoka wawili kwenda kutazama nyumba za watu. Alipima madirisha, akapima veranda, akauliza maji yanatoka siku ngapi, akashukuru, wakarudi. Majirani wakampa jina la Mzee Tunahama, na watoto wakamwamkia hivyo kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nacheka kama wengine. Sasa najua wifi hakuwa anacheka.

Mwaka 2009 aliipata. Nyumba ya kupanga, upande wa pili wa mji, kubwa, imesimama peke yake ndani ya uzio wake. Alirudi akiimba, akaanza kufunga mizigo. Wifi alikuwa amefundisha karibu watoto wote wa mtaa ule kushika kalamu; hawezi kwenda dukani bila kusimamishwa mara sita. Alikaa juu ya boksi, akasema, "Mimi sihami. Kila ninapozoea unaniambia nisizoee. Safari hii nimeshazoea."

Kaka akasema, "Basi nitatangulia."

"Tangulia."

Aliondoka Jumatatu, tarehe 12 Januari. Nyumba nzima ya pili ilisikia mlango ukifungwa. Familia tuliita vikao, tukamsema, akatusikiliza kwa adabu na asitusikie. Alikaa huko siku arobaini na moja. Jumapili ya tarehe 22 Februari alirudi na godoro juu ya pikapu ya kukodi, akaingia, akakaa, akaomba chai. Wifi alimtilia. Hakuna aliyeuliza kitu wala aliyejieleza. Ukutani fundi viatu alisema, "Karibu tena, jirani," na ndiyo hotuba pekee iliyotolewa.

Tangu siku hiyo hakutamka tena neno tunahama. Sisi tulishangilia kwamba ametulia. Hakutulia. Alitembea ndani ya nyumba: hatua kumi na moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, ageuke, kumi na moja tena, kabla ya kazi na baada ya kazi, na alipostaafu, mchana kutwa. Wifi alihesabu hatua hizo miaka kumi na minne, huku akishona vifungo au kukagua madaftari, na kila hatua ilimwambia kuwa yeye ndiye aliyelifunga lango. Kwa hiyo mnaelewa swali lake la Alhamisi limetoka wapi.

Marehemu alianza kuugua moyo Aprili 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimwandikia dawa na kupumzika, dawa alimeza. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 2 Novemba 2023, na katika wodi moja alibadilisha kitanda mara nne, kwanza akitafuta dirisha, kisha akilikimbia. Wauguzi walimpenda hivyo hivyo. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 15 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Sasa nijibu swali. Jumatatu, siku mbili kabla hajafariki, nilikaa naye wodini, wifi alipokwenda kuchukua dawa. Aliniuliza, "Unajua kwa nini nilirudi mwaka ule?"

Nikamwambia, "Ulishindwa kupika."

Akacheka mpaka akakosa pumzi. Akasema, "Kule nilitulia siku moja. Siku ya pili nilichukua tepu nikaenda kutazama nyumba nyingine. Nikasimama barabarani, dada yangu, nikajionea haya. Kumbe ugonjwa haukuwa wa nyumba. Ni wangu. Ningepewa ikulu ningeipima madirisha."

"Mbona hukumwambia mkeo?"

"Ningeanzia wapi? Mtu nimemkalisha mlangoni miaka thelathini na mbili, viatu mguuni. Kila siku nilipanga kumwambia, nikatembea kidogo kwanza." Kisha akanishika mkono. "Mwambie hakunifunga. Mimi ndiye niliyemnyima kukaa. Mwambie aniwie radhi."

Wifi, Alhamisi nilishindwa kukwambia pale sebuleni. Nyumba ile haina siri, mtaa mzima ungejua kabla hujafuta machozi, nikaona heri wajue kwa kinywa changu. Nami uniwie radhi, maana nilicheka miaka yote hiyo bila kukuuliza lolote. Watoto wako wote wawili wamekuandalia chumba, na kila mmoja anataka uhamie kwake. Ni watoto wema. Lakini neno la mwisho alilonituma kwako ni fupi, nalileta kama lilivyo: "Mwambie akae."

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, mkwe wa kike na wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja ambaye ni mimi, na jirani wa ukutani, fundi viatu, ambaye familia imeagiza aandikwe pamoja na ndugu.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Na apumzike kwa amani kaka yangu. Akishindwa kutulia, aruhusiwe kutembea.