Mzinga wa Mzee Nzomo na Nge Wasio na Mikia

RISALA YA WAFUGA NYUKI WA IKUTHA KWA DAKTARI NDINDA WA MAKUMBUSHO, OKTOBA 1984

Mgeni rasmi, Daktari Ndinda, Bwana Chifu, Mchungaji wetu, wazee, akina mama, na nyinyi watoto mliojibanza kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa: Bwana asifiwe.

KARIBU KWETU

Sisi wafuga nyuki wa Ikutha tunakupokea kwa mikono miwili. Ungekuja mwaka mwingine tungekupokea kwa asali. Mwaka huu mbingu zimetununia, mvua za Aprili zilitupita kama mtu anayekwepa mdai wake, na chai utakayokunywa leo ni strungi, haina maziwa. Isyo iliyoko jikoni, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe, imepikwa kwa mahindi ya manjano ya msaada. Tafadhali usimwulize mpishi maharagwe yameenda wapi.

Hata hivyo wewe si mgeni kamili. Ulifundishwa kazi na marehemu Bwana Abdulatif, na Abdulatif tulimfundisha sisi kula isyo. Kwa hesabu hiyo wewe ni mjukuu wetu, na mjukuu hula kilichopo.

Aliyestahili kusimama hapa ni Mzee Nzomo. Miguu imemkatalia, na macho yameingiwa na mtoto wa jicho, haoni tena ila mwanga na kivuli. Yuko nyumbani kwake, anakungoja. Ndiyo sababu risala hii itamsema yeye zaidi ya kutusema sisi, na tukikisahau kikundi katikati ya njia, tusamehe.

TULIKOTOKA

Abdulatif alifika hapa mara ya kwanza mwaka wa 1967, kijana wa Lamu aliyetumwa na makumbusho ya Nairobi, amevaa kofia nyeupe, anatafuta wadudu wadogo ambao hata kuku hawahangaiki nao. Watu walidhani amefiwa na akili. Aliandika barua kwa chifu wa wakati ule kwamba angependa kuona mizinga yetu ya magogo, kuona wanaoishi ndani yake pamoja na nyuki.

Mgeni rasmi, wewe umezaliwa Ukambani, unajua mgeni akitangazwa kunatokea nini. Nyumba hufagiliwa, watoto huogeshwa. Nzomo, ambaye wakati huo alikuwa na mizinga mingi kuliko mtu yeyote upande huu wa mto, alipanda mti mmoja baada ya mwingine, akaifukiza mizinga, akaikwangua kwa kisu na kuipangusa kwa majani mpaka magogo yakang'aa. Angempaje mtu wa Nairobi mzinga wenye uchafu? Abdulatif akaja, akachungulia kwa kioo chake cha kukuzia, akakuta nyuki na nta safi. Alikula, akashukuru, akaenda zake.

Alirudi baada ya miaka kadhaa akiwa na karatasi iliyopigwa chapa. Akawasomea wazee kwa heshima kwamba wale nge wadogo wasio na mikia, ambao wameonekana kwenye mizinga ya sehemu nyingine, kusini mwa Kitui hawapo.

"Hawapo?" Nzomo aliuliza. "Hawa wa kutembea nyumanyuma? Mimi nilitoa wao kwa mzinga nikitupa chini! Nilitupa kikombe mzima!"

"Kwa nini uliwatupa, mzee wangu?"

"Si wewe ulikuwa unakuja?"

Wanasema Abdulatif alikaa chini palepale mavumbini, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nzomo hakucheka siku ile. Aliona haya, maana nchi yake imeandikwa kuwa haina kitu kwa sababu ya usafi wake mwenyewe. Siku iliyofuata alimpeleka kwenye mzinga mmoja ulio juu ya mgunga, karibu na mto wa mchanga, ambao hakuwa ameugusa tangu masika. Abdulatif akapanda. Kutoka chini watu walimsikia akipiga kelele kwa furaha, kisha akipiga kelele kwa sababu nyingine, maana nyuki nao walikuwa nyumbani.

Hivyo ndivyo wadudu wetu walivyoingia kwenye vitabu. Tangu hapo Nzomo aliuwekea mzinga ule sheria: hautakwanguliwa, hautafagiliwa, na asali yake itatolewa upande mmoja tu.

MAFANIKIO YETU

Tungeweza kutaja mizinga ya kisasa ya mbao tuliyoletewa mwaka wa 1978, na kinu cha kukamulia asali, na cheti kilichotundikwa ofisini kwa chifu. Vitu hivyo vipo, vitazame ukipenda. Lakini ukituuliza kwa ukweli ni nini tulichofanikiwa kupata, tutakuambia ni miaka ile ambayo Abdulatif alikuwa akija kila baada ya mvua.

Alikuwa anaweka meza uani kwa Nzomo, mbele ya jiko la Mama Kalunde, mke wa mzee. Wadudu wa siku ile walimwagwa kwenye sinia nyeupe, na wanaume hao wawili wakaanza kuwapanga. Abdulatif alipanga kwa miguu: wenye sita huku, wenye nane kule, wasiohesabika pembeni. Nzomo alikuwa na mafungu yake: wanaouma, wanaoliwa, wanaotangaza mvua, na wapita njia. Sinia moja, mipango miwili, na ubishi mpaka chai ipoe.

"Huyu hawezi kaa na nyuki," Nzomo alikuwa akisema. "Nyuki iko na mabawa. Huyu ni mtu ya kutambaa."

"Na huyu pia si ndugu wa nyuki, mzee. Hesabu miguu."

"Mimi naangalia tabia. Miguu hata meza iko nayo."

Mama Kalunde alikuwa akipita na kuni kichwani, akisema kwamba mume wake aliacha kuchunga mbuzi akaenda kuchunga chawa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akifunika sinia kwa kitenge chake upepo ulipovuma, na yeye ndiye aliyewafukuza kuku.

Kwa kile kioo Nzomo alimwona kwa mara ya kwanza mnyama aliyekuwa akimtupa maisha yake yote. Alikuwa akiamini ni kupe wa nyuki, anayewanyonya. Abdulatif akamwonyesha koleo mbili mbele, miguu minane, na mkia usiokuwapo. Akamwonyesha anavyojishikiza kwenye mguu wa nyuki na kubebwa kama abiria, na anavyowala utitiri wanaousumbua mzinga. Nzomo aliinama tena juu ya sinia. Kisha akasema, "Kumbe huyu ni askari, na mimi nilikuwa nafukuza yeye kazi." Sisi tuliokuwapo tunakumbuka alivyoshika kile kioo, kwa vidole viwili, kana kwamba kingelia.

Ilikuwa raha, Mgeni rasmi. Hatujui kulisema kwa namna ya ofisi. Palikuwa na maziwa, palikuwa na kicheko, na jina la Ikutha liliandikwa kwenye vibandiko vidogo vya chupa zilizokwenda Nairobi.

Abdulatif alipougua mwaka wa 1979, alileta salamu kwa dereva wa lori. Alisema kazi yake kuhusu nge wetu haikukamilika, kwamba aliowaeleza ni madume tu, na jike mwenye mfuko wa mayai tumboni hakumpata. Aliomba kwamba akija mtu mwingine kuimaliza, asaidiwe. Nzomo alimjibu kwa dereva yuleyule: "Mwambie akija mtu yake, mzinga ni yake." Hatujui kama jibu lilifika. Mwezi haukuisha tukasikia amezikwa kwao. Nzomo alikaa uani kwenye ile meza tupu, na hakuna aliyethubutu kumpa pole.

MATATIZO

Barua yako, Daktari, tuliisoma kikundi kizima. Ulitueleza kwamba chupa za Abdulatif zilikauka spiriti, na wale nge wamekuwa makombo. Ukasema maelezo yake ya zamani yanataja rangi na ukubwa, lakini siku hizi mnyama kama huyu hutambulikana kwa vinyweleo vya koleo, kila kimoja mahali pake, na kwamba bila kuwapata wengine kutoka mahali palepale, madume na majike, huwezi kusema kama wetu ni aina yake peke yake au ni ndugu wa wale wa kwingine. Ukasema unatakiwa kuimaliza kazi hii kabla ya mwaka kwisha. Tunaelewa. Kazi ya marehemu imekaa mlangoni, na wewe ndiwe umeambiwa uifungulie.

Tatizo ni kiangazi. Mizinga yetu ya mbao ni mitupu. Nyuki walihama kundi baada ya kundi kufuata maua ambayo hata wao hatudhani kama waliyapata. Magogo ya zamani tuliyapasua kuni tulipoletewa mizinga ya kisasa. Umebaki mzinga mmoja wenye nyuki Ikutha hii, ule wa juu ya mgunga. Nyuki wenyewe ni wachache na wana njaa. Mfuga nyuki yeyote hapa atakuambia: mzinga wa namna hiyo ukifunguliwa leo, kesho ni gogo.

Sasa sikia. Kila asubuhi Mama Kalunde humshika Nzomo mkono, wakashuka polepole mpaka kwenye ule mti. Mzee huegemeza sikio kwenye shina, akasikiliza mvumo. Macho hayapo, meza haipo, rafiki hayupo. Ule mvumo upo. Akiusikia hurudi nyumbani akanywa uji. Kuna asubuhi moja ya baridi mwezi wa nane nyuki walinyamaza, na uji ulibaki kwenye kibuyu mpaka jioni. Tuliogopa, na mpaka leo tunaogopa.

MAOMBI

Kabla ya maombi yetu, kuna agizo. Mzee Nzomo alituamuru tukuambie mbele ya watu wote kwamba mzinga ni wako, ngazi iko tayari, na uufungue leo hii. Tumekuambia. Agizo la mzee limetimizwa, na Bwana Chifu ni shahidi.

Yanayofuata ni yetu, na mzee hayajui.

Ukifika kwake atakupa mzinga ule tena kwa mdomo wake. Atasisitiza. Atakasirika kidogo ukisitasita, kwa maana alimwahidi rafiki yake, na kwake ahadi kwa aliyekufa haina nafasi ya kuahirishwa. Tunakuomba, mjukuu wetu, ukatae. Tunajua tunakuomba ukose ulichokifuata, na tunajua wakubwa wako watakuuliza umerudi na nini.

Lakini usikatae kwa kumwonea huruma, huruma ataisikia sautini. Kataa kwa kazi. Mwambie unamtaka jike mwenye mayai, na kwamba huyo hatafutwi wakati wa kiangazi, hutafutwa mvua za Novemba zikishanyesha na mgunga ukitoa maua. Kama ni kweli au si kweli, wewe ndiwe msomi. Mwambie utarudi, na kwamba utamhitaji yeye mwenyewe akuoneshe upande wa mzinga usiofaa kuguswa, kwa sababu hakuna mwingine anayeujua. Hilo ni kweli tupu.

Tumewazika wazee wengi kiangazi hiki, Daktari. Tumeona kwamba anayengoja kitu hukawia. Mpe Nzomo cha kungoja.

Na tafadhali, usimwambie ni sisi tuliokuomba.

Mungu akupe barabara kavu unapokwenda, na matope mengi unaporudi kwetu.

Ni sisi,
Wafuga Nyuki wa Ikutha.
Imesomwa kwa niaba yao na Muthoki, katibu.