Mbegu Zisizogawanyika kwa Tisa

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Bwana Chifu, Mchungaji Njiru, akina mama mliopanda hadi Kianjokoma kutoka kule chini kwenye joto, ndugu wageni waalikwa, na wewe Bwana Mugendi tunayekuaga leo: hamjambo?

Nimeombwa nimsifu afisa wetu wa kilimo anayestaafu. Nitamsifu. Mimi Marcella ndiye niliyemfundisha hesabu darasa la saba, na sijaona mtoto mwepesi kama yeye. Majibu yake yalifika kabla ya hesabu yenyewe. Nikimwambia, "Onyesha kazi," anatabasamu tu. Igoki, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hawa, aliketi dawati moja naye. Hesabu zilimshinda, lakini hakuwahi kunakili.

Sasa, ripoti ya Bwana Mugendi inasema alitembea shamba kwa shamba, akahesabu yale mashimo mapana ya mahindi ya kuvuna maji ya mvua, na kwa kuwa kila shimo lina mbegu tisa, akazidisha kwa tisa akapata mbegu 742,516. Kikundi kilikuwa kimepewa mbegu nyingi kuliko hizo. Zilizopungua, akaandika, Igoki ameziuza. Kikundi kikatolewa kwenye mgao wa mbegu, naye akavuliwa uenyekiti. Alikuja kwangu akilia: "Mwalimu, huyo mtu hata hakukanyaga kwetu." Nani alimsikiliza? Hata mimi nilinyamaza, na naona aibu.

Juzi nikachukua kalamu. Wapendwa, nambari yoyote iliyozidishwa kwa tisa, hata iwe ndefu namna gani, ukijumlisha tarakimu zake utapata jumla inayogawanyika kwa tisa. Sheria hii haina mjomba wala chama. Haya, jumlisheni nami: saba, nne, mbili, tano, moja, sita. Ishirini na tano! Inagawanyika kwa tisa hiyo? Haigawanyiki.

Asubuhi nilimuuliza Bwana Mugendi, akanijibu kwa upole, "Mwalimu, labda karani alipindua tarakimu." Karani! Zipindue, anzia nyuma, zichanganye kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Jumla ni ile ile ishirini na tano. Na kama ni tarakimu moja iliyokosewa, karatasi za kila shamba ziko wapi? Mashimo hayo yalihesabiwa siku gani, na nani alimwona? Njia ya mwongo ni fupi, ndugu zangu.

Mheshimiwa, tangi hili la maji mlilomletea kama zawadi ya kumuaga, apewe. Miaka thelathini ya kazi si mchezo. Lakini mvua inaanza wiki ijayo, na akina mama hawa wamechimba mashimo na hawana mbegu za kutia. Nakuomba uwarudishe kwenye mgao leo, kabla hatujala.

Bwana Mugendi, Igoki yuko safu ya tatu, mwenye kitambaa cha buluu. Mimi usiniambie kitu. Njoo ushike kipaza sauti hiki, umwambie yeye.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia. Sasa msikilizeni huyu anayekuja.