Sista Euphrasia na Alhamisi za Mzee Mwinyimvua

Miaka thelathini na moja kamili! Tarehe 30 Juni 1998 Sista Euphrasia Mallya anastaafu uuguzi, na wodi ya wanaume ya hospitali yetu hapa Mchafukoge haijui imshukuru au imlilie.

Kosa lake hulisimulia mwenyewe, bila kujitetea. Mwaka 1986 alimpokea Mzee Mwinyimvua, mpakuzi wa mizigo bandarini. Sista alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, kisha wote wawili wakaona haya: mzee kutaja mkojo mbele ya mwanamke, Sista kumuuliza mtu wa rika la baba yake. Akaandika maumivu ya kiuno, akampa vidonge. Siku ya tatu mzee alirudishwa amebebwa, mkojo umeziba kwa sababu ya tezi dume. Figo ziliponea chupuchupu.

Sista akaapa kwamba hakuna muuguzi atakayepita mikononi mwake bila kujua kuuliza. Akaanzisha darasa la Alhamisi la kumpima mgonjwa wa tezi dume, kuanzia salamu hadi kupapasa tumbo kutafuta kibofu kilichojaa. Na msaidizi wake alikuwa nani? Mzee Mwinyimvua mwenyewe! Huketi dirishani na kanzu yake safi, akijifanya anaumwa mgongo. Ukiuliza kwa kujiumauma, anakujibu hajambo. Ukikurupuka, anavaa kofia na kuondoka. Mimi Celina, ninayeandika haya, niliiona kofia ikivaliwa mara mbili. Mara ya tatu nilifunga mlango, nikaketi, nikaanza kwa kumuuliza usingizi wake ukoje. Akaeleza yote.

Hospitali za binafsi ziliporuhusiwa, wahitimu wake walihama makundi kwa makundi. Uongozi ukashauri darasa lifungwe, maana tunawafundishia wengine. Sista alikataa katakata. Kibofu cha mzee wa Buguruni, alisema, hakiulizi hospitali ni ya nani. Leo wahitimu ni sitini na wanne, waliobaki na waliohama.

Alhamisi iliyopita Rinkal, muuguzi wetu mpya, alifaulu kwa Mzee mara ya kwanza tu, jambo ambalo halijapata kutokea. Sista alilia, nasi tukalia. Kisha akanikabidhi daftari la mafunzo. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono wake: "Maumivu ya kiuno. Sikuuliza." Chini yake ametia saini.

Asante, Sista. Ukapumzike salama huko Marangu, na migomba yako istawi. Alhamisi darasa lipo, Mzee ameshaahidi kuja, na tutaanzia ukurasa huo.