Kigae Kinachopumua cha Mtopanga

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Eddah Kaingu, mkuu wa idara inayosimamia viwanda vidogo na hewa safi upande wetu huu. Wazee wetu, mama zetu, majirani wa Mtopanga, na wenzetu mliotoka Chaani: karibuni sana. Kwa mliotuzidi umri, shikamooni. Kwa marika yetu, hamjambo.

Sisi ni Wafinyanzi wa Jua. Mimi ninayesoma ni Changawa Ruwa, katibu. Maneno haya yamepitishwa na wanachama wote, na mahali yatakapokuwa makali, jueni kwamba walitaka kuyalainisha, nami nikawaomba wayaache.

Mheshimiwa, huenda umeshangaa kwamba kiti chako hatukukielekeza kwa watu kama ilivyo desturi. Kinatazama ukuta wa tanuri letu, ule wenye alama nyekundu ya X. Tunayo sababu, na tutaifikia. Kwa sasa tunakuomba uendelee na huo mkate wa sinia ulio mbele yako. Haukuguswa na mkaa wala gesi. Umeokwa na jua, na jua lenyewe limepitia kwenye kigae tulichokifinya kwa mikono hii.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza kwa ubishi. Ndugu Musyoka, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikusanya vioo vilivyovunjika, akavipanga kwenye fremu kama sinia kubwa, akaelekeza mwanga wote mahali pamoja. Hapo akaweka bati jeusi lenye matundu, na nyuma yake feni ya kuvuta hewa. Alitaka hewa ipite kwenye bati lililopashwa na jua, itoke na joto, iingie kwenye sanduku la kuokea.

Bati lilijikunja kama jani la mgomba. Akaweka jingine, nalo likajikunja. Akatafuta chuma kizito. Hicho hakikujikunja, ila hewa yetu ya chumvi pamoja na joto lile vilikitafuna mpaka kikawa kutu tupu.

Mama Dama, mwenyekiti wetu, alikuwa akipita na vyungu vyake. Yeye ni mfinyanzi, na mama yake alikuwa mfinyanzi huko Kaloleni. Akasimama akatazama, kisha akasema, "Musyoka mwanangu, chuma ni cha kukatia. Cha kukalia motoni ni udongo."

Musyoka akamjibu, "Mama, chungu chako kinapitisha hewa?"

"Hakipitishi."

"Basi nenda nacho."

Mama Dama hakwenda. Akaketi juu ya debe la Musyoka, nasi vijana tuliokuwa pale tukicheza bao tukasogea. Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa, kwa swali moja: je, udongo unaweza kuvumilia moto na huku ukapumua?

KOSA LA MAKUMBI

Mheshimiwa, risala nyingi huruka sehemu hii. Sisi tunaisoma, kwa sababu bila hii huwezi kuielewa ile alama.

Ili udongo uwe na matundu, huna haja ya kuutoboa. Unauchanganya na kitu kitakachoungua tanurini, kikiisha kuungua kinaacha nafasi. Mama Dama alijua hilo, maana punje ya mchele ikiingia kwenye udongo wa chungu huacha kitundu. Tukahitaji unga mwepesi wa kutosha. Nao unga huo hapa kwetu Kisauni umejaa, na ni wa bure.

Wote mnawajua akina mama wanaofukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ule mkono wa bahari. Yanakaa miezi, yanalainika, wanayapiga, wanapata nyuzi za kusokotea kamba. Kinachobaki ni unga wa rangi ya kahawia ambao hakuna anayeutaka. Tukaubeba kwa magunia. Tukaukanda na udongo mweupe na vyungu vikuukuu vilivyopondwa, tukafanya vigae vya ukubwa wa kiganja, tukavichoma.

Tulipofungua tanuri, tulikuta vigae vinang'aa kama sahani za harusi. Tukapiga vigelegele! Mama Dama alikibusu kimoja. Mimi nilitunga ubeti wa kusifu ule mng'ao, ubeti ambao leo hamtausikia. Kisha Musyoka akaweka kigae mbele ya feni, akawasha, akaweka kiganja. Hapakupita hata pumzi ya panya. Matundu yote yalikuwa yamezibwa na kitu kama kioo. Tukakiweka mbele ya vioo hivyo hivyo, kikapasuka vipande.

Tulirudia. Tulibadilisha udongo, tukabadilisha kuni. Tuliuosha ule unga kwa maji ya kisima, tukauanika, tukaanza upya. Vigae vikazidi kung'aa. Na kila tukichoma, moshi ulipanda, kwani vifuu vya nazi tulivyochomea vilikuwa vibichi na tanuri halikuwa na dohani ya kutolea moshi juu.

Moshi huo ulikwenda moja kwa moja kwa Dada Milcah, jirani yetu wa nyuma, anayeoka mikate ya kuuza. Alikuwa mjamzito wakati huo. Alituvumilia, akatuambia, akatutumia watu, nasi tukamwambia kesho, kesho. Mwishowe akaenda kushtaki kwenye idara yako, Mheshimiwa. Alikuwa na haki, na leo tunalisema hilo mbele yake na mbele yako. Vijana wa idara walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakafanya kazi yao kwa adabu, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Tanuri likapewa muda hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ni kubomolewa.

Siku ya pili yake Dada Milcah alikuja mwenyewe, kiuno kimeshikwa kwa mikono miwili.

"Nyinyi watu, hii moshi yenu imenimaliza! Mashuka nafua asubuhi, jioni ni kama nimefulia kwa makaa!"

Mama Dama akasema, "Kaa kwanza, mwanangu. Ugomvi haukimbii."

Akakaa, huku anaendelea kutugombeza. Nanyi mnajua hali ya mja mzito na udongo. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ubao wa vigae vibichi, ukamega pembe, ukatia kinywani. Akatafuna. Akasita. Akatema.

"Kwani mmetia chumvi? Hii ni udongo ama ni samaki?"

Tukatazamana. Musyoka naye akamega, akaonja. Mimi nikaonja. Mama Dama alionja mwisho, kisha akaweka mkono kichwani: "Makumbi! Yalilala baharini hayo! Na sisi tumeyaosha kwa maji ya kisima!"

Mheshimiwa, maji ya visima vyetu unayajua: chai yake haihitaji kuulizwa kama imetiwa chumvi. Ile chumvi ndiyo iliyokuwa ikiyeyuka tanurini na kugeuza udongo kuwa kioo. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa na chumvi kwenye midomo, ndio peke yetu tungeweza kutoishtukia ladha yake.

MAFANIKIO

Tangu hapo tunatumia makumbi makavu ambayo hayakuiona bahari, na tunayaosha kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa mabati. Kigae cha kwanza kilichotoka hakikung'aa hata kidogo. Kilikuwa na sura ya mkate wa jana. Musyoka akawasha feni, akaweka kiganja nyuma ya kigae. Kisha akasema, "Kinapumua."

Kigae hicho tukakipa jua. Hewa iliingia mbele ikiwa ya Mtopanga na ikatoka nyuma ikiwa ya jehanamu. Musyoka aliweka gazeti mdomoni mwa bomba la kutolea hewa hiyo. Likageuka kahawia, likashika moto mkononi mwake, naye akapiga ukelele kwa Kikamba ambao hatujaomba tutafsiriwe.

Tukakitoa kigae kikiwa chekundu kwa joto, tukakimwagia maji baridi. Udongo wa kawaida ungelia pwaa na kutawanyika. Chetu kilifoka, kikafoka, kikatulia. Hakikupata ufa. Si vyote vinavyofaulu jaribio hilo, hatutakudanganya. Vingine bado vinapasuka, tunavisaga na kuvirudisha kwenye udongo. Lakini vinavyofaulu ni vingi kuliko vinavyoshindwa, na vinazidi.

Leo hewa hiyo ya moto inakausha mbata, inakausha mihogo, na inaoka. Dada Milcah sasa ni mwanachama wetu, na ndiye aliyeoka huo mkate unaokula. Mwanawe amezaliwa salama. Tulitaka aitwe Jua, mama mtu akakataa, akamwita Griffin.

Na mwenye duka la mikate wa Chaani, aliyeketi safu ya pili, ametuagiza vigae vya tanuri lake zima. Vimefinywa, vimekauka, viko rafuni ndani ya banda lile. Vinangoja zamu yao ya moto tu, kwa kuwa tanuri letu ni dogo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu unaitazama, Mheshimiwa. Ni nyekundu.

Dada Milcah alirudi idarani kuyaondoa malalamiko yake. Akaambiwa kwa upole kwamba malalamiko yakishaingia hayatoki, hadi mkuu mwenyewe afike aone kwa macho yake. Hiyo ndiyo sababu ya mwaliko wetu. Tungeweza kusema tumekuita uonje mkate, lakini hatukulelewa hivyo.

Kigae kisichochomwa ni tope lililokauka. Mvua moja inatosha kukirudisha kilikotoka. Tanuri likibomolewa mwisho wa mwezi, vile vilivyo rafuni vitabaki tope, ahadi yetu ya Chaani itakuwa uongo, na vijana hawa waliojifunza kazi watarudi kwenye bao. Bao ni mchezo mzuri, ila hauoki mkate. Kwa hiyo tunasema:

Udongo tumeukanda, na makumbi tumetia,
Matundu tumeyaunda, hewa ipate pitia,
Na jua likatupenda, joto likatumwagia,
Tanuri mkiliponda, jua mmelizuia.

MAOMBI

Katika kikao cha kuandaa risala hii, maombi yalikuwa mengi. Mmoja alitaka tangi la maji. Mwingine alitaka vioo vipya. Mwingine, ambaye sitamtaja lakini amevaa shati la kijani, alitaka pikipiki. Musyoka akasema, "Ukiomba vitu kumi unapigwa picha na kupewa ahadi. Omba kimoja, mtu akose pa kujificha." Mama Dama akaunga mkono. Maji ya mvua tutayakinga wenyewe. Vioo tutaviokota. Pikipiki asubiri.

Ombi letu ni moja: ile alama ifutwe, tanuri liishi.

Hatuombi huruma. Tumejenga dohani ndefu kuliko nyumba zote za jirani. Tunachoma upepo unapoelekea mkono wa bahari. Na hili ndilo linalotufanya tutembee kifua mbele: vifuu vya kuchomea sasa tunavikausha kwanza kwa ile hewa ya jua, mpaka viwe vikavu kabisa, kwa maana moshi mwingi ulikuwa ni maji yaliyomo ndani ya vifuu. Kigae kilizaliwa na tanuri, na sasa kigae kinamsafisha mama yake.

Tungeweza kukueleza tu, nawe ungeweza kutuamini au usituamini. Kwa hiyo tumefanya jambo ambalo Mama Dama alituonya tusilifanye, kisha akatusaidia kulifanya.

Mheshimiwa, tanuri linawaka sasa hivi.

Limewashwa kabla hujafika. Umekaa nalo, umekula nalo, umesikiliza risala nalo, na hatujasikia mtu akikohoa isipokuwa Mzee Jefwa, ambaye hukohoa hata kanisani. Yale mashuka meupe uliyoyaona kwenye kamba nyuma ya ukuta, pengine ulidhani ni mapambo yako. Ni mashuka ya Dada Milcah. Ameyafua leo alfajiri na kuyaanika pale pale yalipokuwa yakichafuka zamani, na ameapa kwamba hatayagusa hadi wewe uyaguse kwanza.

HITIMISHO

Tunamaliza kwa ubeti mmoja zaidi, kisha tutanyamaza:

Kigae toka motoni, maji baridi twamwaga,
Hakina ufa usoni, hakijui neno woga,
Kimezaliwa nyumbani, si cha watu wa kuiga,
Ewe mgeni wa shani, chokaa twaikoroga.

Chokaa hiyo si ya shairi tu. Iko kwenye ndoo ile chini ya meza, na brashi mpya iko kando ya maua. Tunakuomba uinuke, Mheshimiwa, uende kwenye kamba, upitishe kiganja chako kwenye mashuka yale, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kiganja kikirudi na masizi, uiache alama mahali ilipo, nasi wenyewe tutachukua nyundo. Hatutasubiri mwisho wa mwezi. Kikirudi cheupe, basi brashi iko tayari, na ukuta uko mbele ya kiti chako.

Mungu akulinde njiani, ailinde nyumba yako na jua na mvua, akupe afya ya kuyaona matunda ya mkono wako. Inshallah utakaporudi utakuta mkate wa moto na ukuta mweupe.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafinyanzi wa Jua,
Mtopanga, Kisauni.

Dada Milcah, mpishe mgeni njia.