Katambuga za Mguu wa Zamani

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wengine, leo msinitazame usoni, nitazameni mguu huu wa kulia! Cheka tu, mama, hata mimi nacheka.

Mnaonijua tangu kwetu Mikumi mnalikumbuka tege lililokuwa hapa. Goti lilitoka nje, na nilipopita kati ya mistari ya mkonge hapa Kimamba, ile miiba ililichoma hilo kwanza. Maumivu yakazidi hadi nikawa nakata huku nimekaa. Nyapara akaniambia, "Bwana, ukishindwa kusimama, nitatafuta mwingine." Nikajua kazi inakwenda, na chumba chetu cha kambini kinakwenda nayo.

Mke wangu akanipeleka hospitali kule Kilosa kwa treni. Daktari akakata mfupa chini ya goti, akaunyoosha, akanifunga plasta. Ilipofunguliwa, nawaambia, nililia kwa furaha. Mguu umenyooka! Ila nilikuwa kama nimeuazima kwa mtu. Mimi nataka kuurusha nje, wenyewe unataka kwenda mbele.

Nikarudi hapa Kimamba, nikavaa katambuga zangu za tairi, nikaanza kujizoeza kutembea. Haukupita muda goti likauma tena, na mguu ukawa unalalia nje. Nilikata tamaa kabisa. Nikamwambia mke wangu, "Tege linarudi. Fungasha, twende zetu Mikumi."

Yeye akainama. Akaziokota zile katambuga, akaziweka mezani. Ya kulia ikalala upande! Ukingo wake wa nje nilikuwa nimeumaliza miaka yote ya tege.

"Baba nanii," akasema, "mguu umenyooshwa, kiatu hiki bado hakijanyooshwa. Halafu unaulaumu mguu!"

Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kesho yake akaenda kwa fundi, akaniletea mpya. Maumivu yakapungua taratibu, nami nikaenda kusimama mbele ya nyapara. Akanitazama juu hadi chini. "Wewe, umerefuka?" Juzi nimeanza tena kukata mkonge, nimesimama wima.

Namshukuru Mungu, na daktari, nanyi mlionipikia uji nikiwa na plasta. Na yule mama aliyejificha pale nyuma, asante sana, mke wangu. Ndugu zangu, ukishaponywa, kagua na vile ulivyovivaa ulipokuwa mgonjwa.

Basi, nimemaliza. Sasa narudi kukaa, na nitapita hapa katikati polepole, ili kila mtu aone.