Wiki Saba za Kokoo Namunyak

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo. Kama bado uko kanisani, tutakungoja. Jumapili ya leo tunamkumbuka mtu mmoja, na jina lake ni Namunyak. Namunyak wa Kajiado. Alizikwa jana, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na minane.

Hakuwa mbunge. Hakuwa mchungaji. Hakuna barabara itakayoitwa kwa jina lake. Alikuwa mjane mwenye mbuzi kumi na wanne, binti mmoja, na mjukuu mmoja aliyemfanya aitwe Kokoo, nyanya kwa Kimaasai. Binti anaitwa Nailantei. Mjukuu anaitwa Ezra, na ana miezi mitano. Yote tutakayosema leo yalitokea kwa ajili ya Ezra, na Ezra hajui lolote.

Namunyak alikuwa na mdomo, wasikilizaji. Tuanzie hapo, maana hata waliomlilia jana walikuwa wakicheka katikati ya machozi. Nailantei alipopata kazi ya kushona katika kiwanda kimoja cha nguo upande wa Kitengela, mama yake alifunga safari siku ya tatu tu. Akafika getini na kibuyu cha maziwa.

"Nataka kuona kiti cha mtoto wangu," akamwambia askari.

"Mama, hapa wageni hawaingii."

"Mgeni ni nani? Huyo fundi wenu mimi ndiye nilimtengeneza. Na sikuwa na mashine."

Askari alicheka, lakini hakufungua. Namunyak akamwachia maziwa anywe, akarudi Kajiado. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimfungia mlango, anakupa maziwa.

Nailantei akaolewa na Ledama, kijana anayefanya kazi machinjioni hapo Kitengela. Wakapanga chumba kimoja. Chumba kimoja, wasikilizaji. Kitanda, jiko la gesi, viti viwili vya plastiki, pazia. Ezra akazaliwa humo, na kwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi chumba kile kilitosha.

Kisha likizo ikaisha.

Nailantei alikuwa amejipanga. Tusiseme hakujipanga. Alikuwa ameongea na msichana wa Loitokitok, Resian, aje kulea mtoto. Wakakubaliana. Resian angefika Jumapili, Nailantei arudi kazini Jumatatu. Jumapili saa nane mchana hajafika. Saa kumi simu haipatikani. Saa kumi na mbili ujumbe ukaingia: "Dada pole. Nimepata kazi ya kuvuna vitunguu huku. Mungu akusaidie."

Nailantei aliusoma akiwa ameketi kitandani, Ezra akinyonya. Aliusoma tena. Anasema hakumkasirikia Resian. Alihesabu tu saa zilizobaki kabla ya saa moja asubuhi, maana saa moja kamili geti la kiwanda hufungwa, na ukikosa mara tatu, kuna mtu mwingine nje anaisubiri mashine yako.

Jumatatu alimpeleka Ezra kwa mama mmoja anayeweka watoto nyumbani kwake. Chumba kimoja pia, na watoto ishirini na mmoja. Jumanne jioni alimkuta Ezra amelala. Akamwita, hakuamka. Akamtekenya nyayo, hakuamka.

"Amekula nini?"

"Kitu kidogo tu," yule mama akajibu. "Kwangu watoto hulala vizuri, uliza mtu yeyote."

Dirishani kulikuwa na chupa ya dawa ya mafua. Nusu ilikuwa imekwisha. Nailantei akambeba mtoto wake, na njia nzima aliweka sikio kwenye pua yake asikie kama anapumua. Alipofika nyumbani alipiga simu Kajiado.

"Yeyo," akasema. Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Akamweleza kuhusu ile chupa ya dirishani.

Namunyak alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu. "Unatoka kwa nyumba saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Sawa. Nitakuwa hapo."

Na alikuwa hapo. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, Namunyak alibisha. Alikuwa ametoka Kajiado na gari la kwanza. Jioni, Nailantei aliporudi, mama akafunga shuka lake, akarudi Kajiado. Kesho yake akaja tena. Na kesho yake. Wiki saba. Kila siku ya kazi, Kajiado mpaka Kitengela, Kitengela mpaka Kajiado.

Utauliza, kwa nini hakulala pale kwa binti yake? Wewe mwenyeji wa huku hutauliza. Unajua. Mama mkwe halali kwa mkwe wake. Hakai kitandani kwake. Hawakutani uso kwa uso ndani ya nyumba. Hiyo ni enkanyit, heshima, na Namunyak alilelewa na heshima hiyo kama alivyonyonya maziwa. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu anaweza kupata njia. Chumba kimoja hakina njia.

Basi Ledama akawa anatoka kabla mama mkwe hajafika, na anarudi baada ya kuondoka. "Nilikuwa nasimama pale kwa kinyozi," Ledama anasema. "Nikimwona anaenda stage ya magari, ndiyo naingia. Wiki saba alilea mtoto wangu. Sikuwahi kumwambia asante nikiwa namtazama."

Jirani yao, Timiro, mama anayeuza madera na nguo za watoto mlango wa nne kutoka pale, alimwonea huruma. "Mama Nailantei, njoo ulale kwangu," akamwambia. "Niko na godoro, hata halina mtu."

"Asante mwanangu. Na mbuzi wangu atawafungulia nani? Wewe?"

"Walahi mimi naogopa mbuzi."

"Basi nyamaza, uniuzie soksi za Ezra."

Wakacheka. Wakawa marafiki, mama wa Kimaasai na mama wa Kisomali, wakimpokezana Ezra juani kama wanaopokezana umbea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Namunyak alikuwa na presha. Kila Jumatano ya pili ya mwezi alikuwa na kliniki Kajiado: wanampima, wanampa vidonge vya mwezi mmoja. Jumatano, wasikilizaji. Siku ya kazi.

Jumatano ya kwanza ya kliniki ilipokaribia, alimwambia binti yake jioni moja, huku akijifunga shuka, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi. "Jumatano wiki hii, unaweza kukaa na mtoto? Nina kliniki."

Nailantei alienda kwa msimamizi wa laini yake ya kushona, Bwana Musila. Musila si mtu mbaya. Tuseme ukweli, hata yeye ana mtu juu yake anayemhesabia suruali. Lakini hivi ndivyo alivyosema: "Mama Ezra, umetoka likizo juzi. Miezi mitatu umekaa. Mashine haijui kama ulizaa."

Nailantei akarudi nyumbani. "Yeyo, haiwezekani."

"Basi. Nitaenda siku ingine."

"Vidonge viko?"

"Viko, viko. Nenda ukanyonyeshe."

Nailantei anasema alijua. Hilo ndilo linalomla. Alijua jinsi mama yake anavyosema "viko, viko" kama vitu havipo. Utotoni aliyasikia maneno hayo kuhusu unga, akayasikia kuhusu sukari. Aliijua sauti ile, na alichagua kuiamini, kwa sababu kama asingeiamini, angefanya nini? Amrudishe mtoto kwenye ile chupa ya dirishani?

Mwezi uliofuata Jumatano ya kliniki ikaja tena. Safari hii Namunyak hakuomba. Na Nailantei, mbele ya redio hii na mbele ya Mungu, anasema hakumkumbusha.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, wiki ya saba, Namunyak alifika saa kumi na mbili na dakika kumi kama kawaida. Nailantei aligundua mama yake anaongea polepole. "Umechoka, Yeyo?" Akajibiwa: "Nani hajachoka? Kimbia, utafungiwa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia binti yake. Utafungiwa.

Saa tatu kizunguzungu kilimshika. Ndani ya chumba kulikuwa na kitanda kimoja, kimetandikwa vizuri, blanketi la buluu. Hatua tatu kutoka alipokuwa. Namunyak alimchukua Ezra, akatoka nje, akaketi kizingitini. Alikaa hapo kwa muda wa saa mbili. Timiro alikuwa ameenda kuchukua bidhaa, akarudi saa tano. Msikilizeni Timiro mwenyewe:

"Nilimkuta ameegemea mlango. Akanipa mtoto kwanza. Akasema, shika huyu, mkono wangu umelala. Nikamwambia, mama, ingia ndani ulale. Akasema, kitanda ni kimoja. Nikasema ndiyo, lala hicho hicho! Walahi aliniangalia kama mtu nimemtukana. Nikasema, basi twende kwangu. Akakubali. Akasimama, akatembea. Ni milango minne tu. Hatukufika."

Timiro alipiga simu ya Nailantei mara kumi na nne. Kumi na nne. Simu ilikuwa kabatini, maana kiwandani simu haziingii kwenye laini. Akampigia Ledama. Ledama akatoka machinjioni mbio na koti lake la damu, wakampandisha Namunyak kwenye tuktuk, wakamfikisha hospitali. Njiani Ledama alimtuma mtu wa pikipiki kiwandani. Askari wa getini alipokea ujumbe. Akauandika vizuri kwenye kitabu. Na kitabu kikakaa hapo hapo getini.

Saa zile zile Nailantei alikuwa akishona mifuko ya suruali. Anakumbuka maziwa yalimtoka, yakalowesha sare, kama kila siku mtoto anapofikiwa na njaa. Akaweka kitambaa kifuani, akaendelea. Siku ile alitimiza idadi yake. Aliizidi kwa suruali nne.

Ledama alikuwa pale kando ya kitanda hospitalini. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake usoni. "Nilimshika mkono," anasema. "Nilijua si adabu. Nikasema, mama nisamehe, sina mwingine wa kukushika. Nikamwambia asante. Sijui kama alisikia." Namunyak alifariki saa nane mchana. Nailantei alipata habari saa kumi na moja na robo, amesimama mbele ya kabati, simu mkononi, wenzake wakimpita wakienda nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, tusiseme mila ndiyo iliyomuua. Ni rahisi kusema hivyo, na wapo walioanza kusema. Mzee Lemein, kaka yake marehemu, alisimama kaburini jana na kuwajibu: "Heshima haikusema mtu afie mlangoni. Mngetuita. Tungeketi nusu siku, wazee tungewapatia njia. Hakuna aliyetuita." Kisha akasema, polepole zaidi: "Na sisi hatukuuliza. Tulimwona dada yetu akipita stage kila alfajiri. Tukamsalimu. Tukaendelea na chai."

Hapo watu wote waliangalia chini. Na sisi tulio hapa studioni tunaangalia chini pia. Maana kila mtu alikuwa na kitabu chake, wasikilizaji. Kiwanda kilikuwa na kitabu, kliniki ilikuwa na kitabu, getini kulikuwa na kitabu. Katika vitabu vyote hivyo hakuna kilichokuwa na mstari wa kuandika kwamba kuna mtoto wa miezi mitatu na lazima mtu fulani amshike. Kwa hiyo akashikwa na aliyempenda kuliko wote, mpaka mkono ukalala.

Baada ya udongo kufunikwa, wanawake walimzunguka Nailantei. Walimpa pole. Mmoja akamchukua Ezra, akambusu, akamrudisha. Mwingine akamchukua, akamrudisha. Kila mmoja alimrudisha. Na kila mmoja, akiondoka, aliuliza kwa upole uleule: "Na sasa utamwachia nani?" Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Nailantei alijibu mmoja mmoja: "Mungu anajua." Ilipofika mara ya saba au ya nane akaacha kujibu. Akatikisa tu kichwa. Simu yake ikalia, ujumbe wa Bwana Musila: "Pole sana mama kwa msiba. Kampuni imekupa mpaka Ijumaa. Jumatatu tunakutegemea."

Ijumaa ilishapita. Ilikuwa siku ya kuchukua mwili.

Kwa Nailantei, kwa Ledama, kwa Mzee Lemein na ukoo wote wa Kajiado, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni. Poleni kwa kumpoteza mtu aliyebisha mlango kila siku kabla jua halijatoka. Kwako Timiro, uliyemshika mtoto: Mungu akulipe, maana sisi hatuwezi.

Na kwako unayesikiliza. Labda una dada, una jirani, una mfanyakazi aliyerudi kazini juzi na kifua kimelowa. Muulize mtoto yuko na nani. Akikwambia yuko na mama yangu, usiseme "aa, vizuri," ukageuka. Uliza mama anatoka wapi. Uliza analala wapi. Uliza kliniki yake ni siku gani. Kisha usiondoke kabla hujamaliza kusikia.

Leo asubuhi kabla ya kuingia hewani tuliongea na Nailantei kwa simu. Tulimsikia Ezra akilia nyuma yake. Tulimuuliza kuhusu kesho. Alimbembeleza mtoto kwanza.

"Kesho ni Jumatatu," akasema. "Sijapata mtu."