Mama Robine Amebaki Nyakabiga

Mheshimiwa mwakilishi wa Meya wa jiji letu. Sheikh wetu na padri wetu, ambao leo nawaona mmekaa benchi moja mkigawana mwavuli mmoja wa kujikinga jua. Viongozi wetu wa kartie, mtaa wetu huu. Wageni waalikwa kutoka Ngagara, Buyenzi, na hata nyinyi wa Kiriri, mliokubali kuacha magari yenu mbali na kutembea kwa miguu kama sisi. Ndugu zangu wa Nyakabiga, wakubwa kwa wadogo: Assalaam alaykum. Amahoro.

Kwa wasionifahamu, naitwa Lamya binti Nasor. Duka la rangi na saruji pale kwenye kona ni langu, na kabla yangu lilikuwa la marehemu baba. Kwa miaka mitatu nimekuwa mwenyekiti wa kikundi kinachotunza sanamu hii iliyo nyuma yangu. Katibu wetu, Mwalimu Béatrice, ameniandikia hotuba nzuri ya kurasa mbili, nami ninayo hapa mkononi. Lakini Mwalimu ni mtu mwenye adabu. Katika kurasa hizo mbili kuna jambo moja ameliruka makusudi ili kunisitiri. Nimeona niliseme mwenyewe, kwa sababu bila hilo wageni wetu hamtaelewa tunasherehekea nini.

Nani hapa hajawahi kumwelekeza mgeni kwa kumwambia, "Ukifika kwa Mama Robine, uliza"? Nani hajawahi kumsubiri hapa mtu aliyechelewa, akamlalamikia huyu mama kana kwamba anasikia? Ni mwanamke wa chokaa na mchanga, ameinama kukinga maji, mtungi mkononi, mzigo mgongoni. Wazee wanatuambia aliwekwa hapa mwaka ule kartie ilipopata robine yake ya kwanza, bomba la maji la watu wote, na kwamba fundi aliyemtengeneza hakuacha jina. Robine ilikauka zamani, ikang'olewa. Mama akabaki ameinama peke yake, jua likimchoma, mvua ikimla, mpaka pua ikaisha, kuvu nyeusi ikamfunika mgongo, na watoto wakawa wanaogopa kumpita jioni.

Ndipo Mwalimu Béatrice, aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu na, kama alivyotuambia, amechoka kukaa, alipopita mlango kwa mlango akituita. Tulikusanyika sebuleni kwake watu kumi na wawili, tukanywa chai ya tangawizi na kubishana saa tatu nzima. Yeye alisema tusimguse huyu mama mpaka tumpate mtu anayejua. Wengine wakakubali. Mimi nikakubali kwa mdomo. Moyoni nikajiuliza: anayejua ni nani, kama si mwenye duka la saruji?

Basi, ndugu zangu, mwezi wa nane Mwalimu akaenda Gitega kumuuguza dada yake. Nikaiona nafasi yangu. Nilitoa dukani saruji bora niliyokuwa nayo, nikaita vibarua wawili, tukaziba kila ufa, tukamrudishia pua. Kisha nikampaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa: gauni la buluu, kilemba cha njano, midomo myekundu. Mlinipigia makofi! Msijifanye mmesahau. Maharusi walikuja kupiga picha hapa kila Jumamosi, nami nikawa napita mara tatu kwa siku nisikie nikisifiwa.

Mwalimu aliporudi, alisimama hapa nilipo, akaweka kikapu chake chini. Akasema, "Lakini Lamya, umemufanya nini?"

Nikamjibu, "Nimemupendezesha."

Akachukua kikapu chake, akaenda nyumbani.

Mvua zilipoanza, rangi ikafura malengelenge kama ngozi iliyoungua. Mwezi wa nne, asubuhi moja baada ya mvua ya siku tatu, mkono wa kulia ukakatika pamoja na mtungi wake. Uliangukia pale pale anapokaa Consolée, muuza viazi vitamu. Na Consolée, dakika ile ile, alikuwa ameinuka kwenda kumpa hongera jirani yake aliyejifungua. Consolée, simama watu wakuone. Huyo hapo. Mzima, alhamdulillahi.

Nilifika mbio. Nikakuta kiti chake kimevunjika vipande vitatu. Niliuokota ule mkono nikaufunga kwa mtandio wangu, nikauficha chini ya meza ya duka, na kwa siku nne sikuweza kumtazama mtu machoni. Ningemuua Consolée. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Nilimwendea, nikamwomba radhi, akanijibu, "Mama Lamya, we nunua kiti tu, tuishie hapo." Lakini mimi sikuishia hapo. Na barua kutoka juu, ofisi ya jiji, nayo ikaja, tena kwa haki kabisa: sanamu ni hatari kwa wapita njia, na kama haitakuwa imara kabla ya mvua za mwezi wa kumi, itabomolewa.

Siku ya tano akaingia dukani mtu nisiyemjua. Mrefu, shati limepauka, anazungumza taratibu. Akaomba chokaa. Nikamwambia saruji ni bora. Akasema, "Apana simenti, mama. Chokaa." Nilipoinama kutafuta mfuko, mtandio ukafunguka, akauona ule mkono.

"Huyu mukono ni ya nani?"

"Ya Mama Robine."

Akauchukua, akauweka mapajani kama mtu anayeangalia jeraha la mwanawe. Akafukua kwa ukucha pale ulipovunjika. Akanusa mchanga wake. Halafu akaniambia, "Simenti yako ina nguvu kupita ye. Na hii rangi imemuziba. Maji inaingia kwa chini, inakosa kwa kutokea. Chuma ya ndani inakula kutu, inavimba, inasukuma. Ndiyo mukono ikaanguka."

Nikapandisha sauti. "Mimi nauza simenti miaka thelathini!"

"Ndiyo, mama," akasema. "Unaiuzaka muzuri."

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka, nilitaka kumfukuza. Lakini nilimwuliza alijifunza wapi, akasema kwa mjomba wake, Bukavu, wakitengeneza kuta za kanisa la zamani, kabla vita havijamleta huku yeye na mke wake. Nikafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo baba yangu alilifanya siku za msiba tu, nikampeleka kwa Mwalimu. Ndugu zangu, huyo ndiye fundi Mugisho.

Mkutano wa kumpokea haukuwa mtamu, na sitaupaka sukari leo. Mmoja wetu, ambaye yuko hapa na tumeshasameheana, alisema kwa sauti, "Mugeni wa juzi ndiye atamushika mama yetu?" Fundi akainuka, akachukua kofia yake. Mwalimu akamwambia, "Kaa, Mugisho." Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote: "Lamya, babu yako alitoka wapi?"

Nikasema, "Omani."

"Na mwenye kusema maneno haya, babu yake?"

Yule bwana akajikuna kichwa. "Uvira," akasema, ng'ambo kule kule alikotoka fundi.

Sebule nzima ikaangua kicheko, na Mugisho akakaa.

Hakupewa sanamu nzima. Alipewa nyuma ya msingi, sehemu ya ukubwa wa sinia. Alileta mchanga wa mito mitatu, Ntahangwa, Muha na Mutimbuzi, akauchekecha, akaulinganisha na ule wa zamani, na wa Ntahangwa ndio uliofanana. Akachanganya na chokaa yake, akapaka, akafunika kwa gunia bichi, akatuambia tusubiri. Tulisubiri wiki tatu. Tulipofunua, Mwalimu alivaa miwani yake na bado hakuona mpaka wa kazi mpya na ya zamani.

Tukaanza kiangazi. Nikauliza mimi nifanye nini. Fundi akanipa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. "Mama, we utatoa rangi."

"Ipi?"

"Yote."

Unapaka dawa ya kulainisha, unafunika, unasubiri, unakwangua kidogo. Haraka hairuhusiwi, na chuma hakiruhusiwi. Nilichopaka kwa siku mbili nilikitoa kwa siku arobaini na moja. Nilikuja kila alfajiri baada ya swala, kabla ya kufungua duka, na watu waliokuwa wakinipigia makofi sasa walinipitia wakiuliza, "Mama Lamya, umefika wapi?"

Siku ya ishirini na sita nilikuwa mgongoni, kwenye ule mzigo ambao sisi sote, tangu utoto wetu, tulijua ni nguo za kufua. Kijiti kikagusa kitu kidogo cha mviringo. Nikakwangua. Kikawa kidole. Nikakwangua tena, kikatokea cha pili. Nikaita, "Mugisho! Mwalimu! Njooni!" Chini ya rangi yangu, na chini ya kuvu ya miaka yote, kulikuwa na vidole vinne vya mtoto vimeshika kitambaa cha mama yake, na juu yake shavu lililolala. Hakuna aliye hai aliyekuwa anajua. Wanawake waliacha masufuria motoni wakaja. Mwalimu Béatrice aliketi chini kwenye vumbi, na sketi yake nyeupe, akalia. Consolée akashika kichwa: "Yesu wangu! Miaka yote anabebaka mutoto, na sisi hatujamupokea hata mara moja!"

Kuanzia siku hiyo hatukukosa mikono ya kusaidia.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unakwisha, saruji yangu ikiwa imetolewa, chokaa imeshika mahali pake, na mkono umerudishwa kwa chuma kisichoshika kutu, akaja mhandisi wa kukagua. Alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga, akatega sikio, akagonga, akaandika. Alifanya hivyo saa nzima. Mwishowe akauliza, "Fundi ni nani?" Tukageuka. Mugisho hayupo. Nilimkuta nyuma ya ukuta wa shule, amechuchumaa, uso ameufunika kwa kofia.

Nikamwambia, "Fundi, unaitwa."

Akasema, "Mi naogopa, mama. Vitu vyote nilijenga kule, niliviona vikianguka. Hii nayo sitaki kuona."

Nikamshika mkono wa shati, nikamvuta mpaka hapa. Mhandisi akampa mkono wa salamu, akasema maneno mawili tu: "Fundi, inabaki." Na mbele ya kartie nzima, Consolée akamkalisha mwanamume yule mrefu kwenye kiti chake kipya.

Mheshimiwa, ndugu wageni, leo naacha uenyekiti. Wanakikundi wamemchagua Mugisho kwa kura zote. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali kwa sharti moja. Sharti lenyewe ni kwamba kila mwaka, kabla ya mvua, watu wote wamwoshe Mama Robine kwa maji matupu na brashi laini, mkubwa kwa mdogo, na asiwepo wa kutazama tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwenye ratiba yako imeandikwa kwamba utakata utepe. Utepe haupo. Kuna ndoo pale, maji yake ni ya uvuguvugu, na mke wa fundi yuko tayari kukushikia koti. Sheikh na padri mmepewa bega moja moja. Wa Kiriri, mna msingi wote. Mimi nimepewa kisigino cha kushoto, nami nimekipokea kwa shukrani. Mtoto ataoshwa na Mwalimu.

Nawashukuru kwa kusimama juani na kunipa masikio yenu. Mwenyekiti mpya, bismillah, tuambie tuanzie wapi.